Kabla ya kupanga tabaka, uliza pembe

Wahandisi wengi wanaoanza kuunda vichujio vya mwanga hufungua programu, wakaweka tabaka arobaini (tando nyembamba zinazopakwa juu ya kioo), wakaiacha ikokotoe, na kupata mchoro unaopendeza kweli. Mchoro huo ni wa mwanga unaogonga kioo wima, nyuzi 0. Ndani ya kamera halisi, mwanga wa namna hiyo ni mchache mno. Hii ndiyo kazi yangu ya kila siku, na ushauri wangu kwa anayeingia ni kwamba pembe iwe swali la kwanza, kabla hujachora utando hata mmoja.

Kichujio cha tabaka hufanya kazi kwa kukutanisha mawimbi yanayorudi kutoka juu na chini ya kila utando. Ukikiinamisha, rangi inayopita huhama kuelekea mawimbi mafupi. Jambo hilohilo utaliona kwenye mafuta ya gari yaliyotanda juu ya dimbwi: sogeza kichwa tu, rangi zinabadilika. Hapa wengi hukwama. Nuru iliyoinama hupita njia ndefu zaidi ndani ya utando, kwa hiyo mtu angetarajia ihamie kwenye mawimbi marefu. Lakini kinachohesabika ni tofauti kati ya wimbi lililorudi juu na lile lililozama kwanza. Wakati la pili liko ndani, la kwanza nalo linasafiri hewani upande uleule, na hesabu ikikamilika tofauti hiyo hupungua kadiri unavyoinamisha.

Kanuni yake ni fupi: λ = λ₀ × √(1 − sin²θ / n²). λ₀ ni urefu wa wimbi kwenye nyuzi 0, θ ni pembe, na n ni namba ya mpindo ya kichujio kizima, yaani kipimo cha jinsi kinavyopunguza kasi ya mwanga na kuupinda. Pembe umepangiwa na lenzi. Kilichobaki mikononi mwako ni n, na kuongeza tabaka peke yake hakuipandishi. Inapandishwa na malighafi, na mahali unapoiweka.

Chukua kamera ya kupima umbali inayotumia leza ya nanomita 940. Urefu huo hupendwa kwa sababu macho hayauoni, na mvuke wa maji angani hufyonza sehemu ya mwanga wa jua hapo. Kichujio kinatakiwa kupitisha leza na kuzuia jua. Tuseme miale inafika hadi nyuzi 30. Ukitumia oksidi za kawaida na n ya kichujio ikawa 1.8, dirisha, yaani ukanda wa mawimbi yanayopita, litahama nanomita 37. Leza ndogo za chipu nazo huhama karibu nanomita 0.07 kwa kila nyuzijoto, yaani zaidi ya nanomita 6 kati ya baridi ya -20 na joto la 70. Dirisha lako sasa linahitaji upana wa nanomita 43, kabla hujaacha nafasi ya kasoro za utengenezaji. Ukifikisha n kwenye 3, uhamaji wa pembe unashuka hadi 13, na upana wote hadi 19 au 20. Jua linaloingia limepungua kwa zaidi ya nusu, na hilo hakuna programu ya picha itakayokufanyia baadaye.

Malighafi inayofikisha huko ni silikoni yenye hidrojeni, ambayo namba yake ya mpindo hapo ni zaidi ya 3. Robo wimbi (unene wa kawaida wa tabaka moja, robo ya urefu wa wimbi likiwa ndani yake) ya dioksidi ya silikoni kwenye 940 ni unene wa nanomita 160 hivi. Ya silikoni hiyo haifiki 70. Kipimo cha hidrojeni ndicho cha kusimamiwa kwa makini. Ikipungua, utando unaanza kufyonza leza yako mwenyewe. Ikizidi, namba ya mpindo inashuka na faida yote inapotea. Kisha hakikisha tabaka la katikati, lile nene ambamo nuru hukaa zaidi, limetengenezwa kwa malighafi hiyohiyo ya namba kubwa. Ukilifanya la dioksidi ya silikoni, n ya kichujio itashuka hata kama umelipia silikoni ghali.

Na kumbuka kwamba dirisha huhamia upande mmoja tu. Usiiweke leza katikati ya dirisha kwenye nyuzi 0. Iweke karibu na ukingo wa mawimbi mafupi, ili dirisha likihama liipitie hadi ukingo wa pili.

Kwa mwanga unaoonekana silikoni haifai, maana inaufyonza. Ndiyo maana ninapenda sana kioo cha bluu chenye shaba kwa kamera za rangi: ukingo wake, pale kinapoanza kuzuia mwanga, hautokani na tabaka, hivyo hautembei na pembe, na kona za picha hazipotezi wekundu.

Zungumza pia na anayeunda lenzi. Lenzi ya f/2, yenye tundu pana nusu ya urefu wake wa fokasi, huleta koni ya nyuzi 14 kila upande. Wapiga picha za nyota wanalijua hili vizuri, kwa sababu mwanga wa hidrojeni wa nanomita 656.3 kwenye ukingo wa koni hiyo hukuta dirisha limehama karibu nanomita 5, na kichujio chembamba cha nanomita 3 kinaukosa kabisa. Lenzi ambayo miale mikuu (ule wa katikati wa kila koni) inatoka sambamba itakuondolea tofauti kati ya katikati na pembeni mwa picha, ila koni yenyewe itabaki.

Kwenye kupima, zungusha sampuli kwenye nyuzi 0, 10, 20 na 30, na upime kila mwelekeo wa mtetemo wa mwanga peke yake. Wastani huficha kingo mbili zilizoachana. Hakikisha mwanga wa mashine ya kupimia ni sambamba, na kwamba kioo kinene kilichoinama hakiusogezi nje ya kipokezi. Kisha kokotoa n kutokana na uhamaji uliouona. Ikiwa chini ya ulivyopanga, nenda kwanza ukaangalie mtiririko wa hidrojeni kwenye mashine ya kupaka tabaka.