Rula haiwezi kumrudisha mchezaji uwanjani

SWALI: Habari ya kazi, Daktari. Mimi ni meneja wa timu ya raga ya chuo kimoja hapa Eldoret. Jumamosi mchezaji wetu wa nafasi ya flanka aligongwa kichwani na goti alipokuwa akimkaba mtu. Hakuzimia, ila aliyumba kama mlevi kwa muda wa dakika moja, na usiku kichwa kikamuuma. Jumatatu tulimpima kasi ya kuitikia kwa kumwangushia rula, akaidaka kwenye sentimita 17. Mimi nisiyeumia niliidaka kwenye 19. Tukampima tena kasi hiyo kwa programu ya simu, ikawaka kijani. Kocha anataka acheze wikendi hii. Je, vipimo hivi vinatosha, au tutafute mashine bora zaidi?

JIBU: Hachezi wikendi hii. Mfikishie kocha hilo kwanza, kisha urudi usome mengine.

Rula yenyewe siibezi. Katika Chuo Kikuu cha Michigan, Daktari James Eckner na wenzake walitengeneza fimbo yenye uzito upande wa chini, wakawa wanaiachilia ghafla na mwanariadha wa chuo anaidaka. Wengi wa waliopata mtikisiko wa ubongo waliidaka wakiwa wamechelewa kuliko walivyoidaka wao wenyewe kabla ya msimu. Wengi, si wote. Na walilinganishwa na nafsi zao, si na meneja wa timu.

Hapo ndipo mlipoteleza. Kitu kinachoanguka hupita sentimita 17 kwa milisekunde (elfu moja za sekunde) 186 hivi, na sentimita 19 kwa milisekunde 197. Mmefurahia tofauti ya milisekunde 11. Kama kijana huyo akiwa mzima huidaka kwenye sentimita 14, yaani milisekunde 169, basi kasi yake imeshuka na nyinyi mmempongeza. Hamwezi kujua, kwa sababu hamkumpima mwanzoni mwa msimu. Simu nayo ina ucheleweshaji wake. Kioo cha kawaida hubadilisha picha mara 60 kwa sekunde, kwa hiyo kila picha hukaa karibu milisekunde 17, na bado hujahesabu muda ambao simu inachukua kutambua kidole, ambao hutofautiana kati ya simu na simu. Kifaa hicho kinayumba kuliko hata ile tofauti mnayojaribu kuisoma.

Lakini hata mngekuwa na mashine ya mamilioni ningekujibu vilevile. Jambo linaloniuma, na ninaliona kila msimu, ni imani kwamba akifaulu kipimo cha kasi basi ubongo umepona. Kipimo hiki kinaweza kumzuia mchezaji. Kumruhusu hakiwezi. Akiwa mzito kuliko kawaida yake, umepata sababu nyingine ya kumkalisha nje. Akiwa mwepesi, hujapata chochote. Ubongo unapotikiswa, nyuzi za neva huvutika, potasiamu inatoka kwenye seli na kalsiamu inaingia, na seli zinahitaji nishati nyingi kurudisha mambo mahali pake wakati ambapo hazina nishati ya kutosha. Mtu aliye katika hali hiyo bado anaweza kukusanya akili yake yote kwa moja ya tano ya sekunde akadaka rula, hasa akijua kwamba namba yake kikosini inategemea rula hiyo. Mechi haimwombi hivyo. Inamtaka atazame mpira, mtu anayemjia ubavuni na mkono wa refa kwa wakati mmoja, kwa dakika 80.

Na hilo la kutozimia liacheni kabisa. Wengi wanaopata mtikisiko hawazimii. Kuyumba kulitosha kumtoa uwanjani palepale asirudi tena siku hiyo. Kama alirudi, kocha wako na mimi tuna mazungumzo mengine.

Siku hizi wapo wanaozunguka vyuoni wakiuza programu za aina hiyo kwa ada ya mwaka, rangi ya kijani acheze, nyekundu apumzike. Nimeketi katika mkutano mmoja wa wauzaji hao. Niliuliza wanafanyaje na mchezaji anayefanya kipimo cha mwanzo wa msimu polepole makusudi ili baadaye asionekane ameshuka. Hawakuwa na jibu, na ujanja huo wachezaji wanaujua vizuri sana. Mwaka 2011 mvulana wa miaka 14 huko Ireland ya Kaskazini aligongwa kichwani zaidi ya mara moja katika mechi ya raga ya shule, akaendelea kucheza, akafa. Uchunguzi wa kifo chake ulitaja pigo la pili juu ya ubongo ambao haujapona. Kila mara muuzaji anaponiambia kijani ni ruhusa, namkumbuka mtoto huyo.

Pesa ya mashine mpelekeeni daktari au mtaalamu wa fiziotherapia anayejua kutumia SCAT6, yaani fomu ya kumpima mwanamichezo anayeshukiwa kupata mtikisiko wa ubongo. Fomu yake ni ya bure, na inafaa zaidi ndani ya saa 72 za mwanzo, kwa hiyo harakisheni. Ina orodha ya dalili 22, maneno 10 ya kukumbuka, kutaja miezi ya mwaka kurudi nyuma, na kusimama na kutembea kwa mstari. Kipimo cha kasi ya kuitikia hakimo. Flanka wako atembee taratibu kila siku kama kutembea hakumzidishii maumivu, apunguze simu, na arudi darasani vizuri kabla hamjafikiria mazoezi ya kugongana. Mwongozo wa World Rugby, chombo kinachosimamia raga duniani, kwa raga ya ngazi yenu haumruhusu kucheza mechi kabla ya siku 21.

Mwenzake wa chumbani hosteli awe na namba yako. Maumivu ya kichwa yakizidi, akitapika tena na tena, akipata degedege, mkono au mguu ukilegea, au akiwa mgumu kuamka, apelekwe hospitali saa hiyohiyo hata kama ni usiku wa manane.