Kiti cha enzi kimefika Hamburg mguu umekatika

SWALI: Shikamoo Mzee. Mimi ni seremala wa Langoni, Lamu. Katikati ya kusi nilimtumia mteja wa Hamburg kiti cha enzi kwa meli, ndani ya sanduku la mbao nililoligonga mwenyewe. Nilikizungushia plastiki mara nne, nikajaza magazeti kotekote. Kimefika mguu mmoja umekatika, na mgongoni kimeota ukungu mweupe. Ameagiza kingine, naye anauliza mbona nisikipeleke kwa ndege. Picha nimeambatanisha.

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole. Nakshi ya mgongo ule ni kazi ya wiki nyingi, najua. Picha zako nimezitazama mara kadhaa, na siamini kuwa bahari ndiyo iliyokuvunjia mguu. Kona ya sanduku imebonyea upande uleule wa mguu. Sanduku hilo liliangushwa au lilisimamishwa kwa kishindo. Hesabu mikono: hamali hadi ufukweni, mashua, gati la Mokowe, lori, ghala la Mombasa, yote hayo kabla meli haijang'oa nanga. Funga kwa ajili ya mikono hiyo kwanza.

Magazeti hayabebi kitu. Yakishindiliwa na mtikisiko hulala, kiti kikabaki kinacheza na uzito wote ukashukia ncha za miguu. Safari hii gonga vipande viwili vya mbao vipite chini ya fremu ya kalio, vimebanwa kwenye kuta za sanduku, kiti kikalie hapo na miguu ining'inie nusu inchi juu ya sakafu. Weka sponji ngumu panapogusana. Kwenye nakshi pasiguse kitu. Ukimaliza, wawili mlinyanyue na kulitikisa; mkisikia chochote, fungueni.

Ukungu huo ulifungwa Lamu. Kontena la chuma hupata joto mchana na kupoa usiku, mvuke ukaganda darini na kudondoka kama mvua. Lakini wewe ulifungia unyevu wa mbao yenyewe ndani ya plastiki. Kosa hilo nililifanya mimi ujanani kwa kasha la bibi harusi, na mpaka leo naiona rangi ya ule ukungu. Acha kiti kikauke kivulini, penye upepo, wiki kadhaa baada ya kazi kwisha. Kisha kivike kitambaa cha marekani, kipate kupumua, utie vifuko vya silika vya kunyonya unyevu, na plastiki iwe paa tu juu ya kitambaa, pembeni wazi.

Sasa jambo linalonitia hofu kuliko mguu. Sanduku lako halina muhuri. Mbao za kawaida za kufungia mizigo ya nje hutakiwa ziwe zimepashwa joto hadi nyuzi 56 za Selsiasi katika kiini chake kwa dakika 30, zisiwe na magome, na zipigwe alama ya shuke la ngano yenye herufi KE, yaani Kenya, na HT, yaani zimepashwa joto. Ndiyo kanuni ya kimataifa, ISPM 15, ya kuzuia wadudu wa mbao. Muhuri hupigwa na kiwanda kilichoidhinishwa na KEPHIS, shirika la serikali la kukagua afya ya mimea, si na seremala. Hata vipande vya kukazia ndani vinahusika. Ujerumani wangeweza kulichoma sanduku kwa gharama yako. Kiti chenyewe, kikiwa samani iliyokamilika, hakihitaji alama hiyo. Plaiwudi nayo imesamehewa kwa kuwa hutengenezwa kwa gundi na joto. Mimi ningetumia hiyo kwa kuta, na mbao zenye muhuri kwa mifupa.

Kuhusu ndege: hulipishwa uzito wa mizani au wa ujazo, ulio mkubwa. Zidisha urefu, upana na kimo kwa sentimita, ugawe kwa 6,000. Sanduku la 120 kwa 80 kwa 80 ni kilo 128, hata mizani ikisema 45. Kampuni za vifurushi hugawa kwa 5,000, ikawa zaidi ya 153. Unalipia hewa.

Lakini ukikiunda kwa vijiti bila gundi, kikavunjwa na kulazwa, sanduku la 120 kwa 70 kwa 30 linatoka kilo 42. Hapo ndege inaingia akilini, nawe umwandikie mteja namna ya kukisimamisha. Kikibaki kizima, kiende kwa meli.

Kabla hujagonga kifuniko, nitumie picha ya ndani.