Daktari alishika kalamu nilipomwambia lile nililokuwa nalificha

Mimi ni fundi cherehani. Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa namalizia gauni la mteja wa sendoff, nikaja kushtuka mkono wa kushoto wa gauni nimeushona mdomoni, umezibika kama foronya. Mshono wenyewe umenyooka, uzi haujaruka hata mahali pamoja. Sikumbuki kuuweka kwenye mashine. Na mashine yangu ni ya kukanyaga, kwa hiyo huwezi kusema ilijiendesha.

Nilicheka, nikafumua, nikajiambia ni uchovu.

Lakini kabla ya hapo nilishaanza kuhangaika. Kuna kitu kilikuwa kinanipanda kutoka tumboni hadi kooni, kama vile gari likishuka kilima kwa kasi. Papo hapo inakuja harufu ya mpira unaoungua, na ukiuliza watu hakuna anayeisikia. Dakika moja, mbili, kimeisha, nabaki na uchovu na usingizi. Zahanati nilisema, "Tumbo linanipanda na nasikia kizunguzungu." Nikapimwa malaria na taifodi, nikaishia kwenye vidonda vya tumbo, na dawa zake nilizimeza miezi minane. Siwalaumu sana. Niliwapa maneno mawili, nao wakayafanyia kazi hayo hayo mawili. Nyumbani nako harufu ile ilishapata tafsiri: jini. Shangazi akanipeleka kwenye makombe, jirani akanialika kwenye maombi. Kote nilikwenda.

Daktari wa nne alikuwa wa ubongo na mishipa ya fahamu. Bahasha yangu ya vipimo aliisogeza pembeni. "Mama, nisimulie mara ya mwisho ilipokushika. Ulikuwa umekaa wapi?" Nikaanza na harufu. Akanirudisha nyuma: kabla ya harufu je? Hapo nikanyamaza, maana kulikuwa na jambo sijawahi kumwambia mtu, hata mume wangu. Kila hali ile inaponijia napata hakika kwamba haya yote nimeshayaona: kikombe kile pale mezani, mtoto yule anavyopita mlangoni na chupa ya maji, na ninajua kabisa neno atakalolisema. Halafu halisemi. Ukimwambia mtu hivyo atasema umechanganyikiwa, au umeanza kutabiri.

Nilipolisema ndipo akachukua kalamu. "Hapo hapo. Endelea."

Kilikuwa kifafa. Mimi kifafa nilichokijua ni cha kuanguka na kutoka povu. Kumbe kuna kinachoanzia mahali padogo, sehemu ya ubongo iliyo upande wa sikio, kwa ndani, panapohusika na harufu na kumbukumbu, na kinaweza kuishia huko huko bila mtu kuanguka. Kipimo cha umeme wa ubongo, ile EEG, kilirudi safi. Nikadhani basi, tumekosea. Akanieleza kwamba kipimo cha kawaida kinarekodi nusu saa hivi, na ubongo ukitulia nusu saa hiyo karatasi inaweza kutoka safi hata kwa mwenye kifafa. Dawa alinianzishia kwa kutegemea masimulizi.

Ndiye aliyenisimulia habari za mgonjwa aliyeitwa Z, na mpaka leo namwona kama ndugu yangu. Z aliishi Uingereza karne ya 19, naye mwenyewe alikuwa daktari. Mwaka 1870 alieleza hali yake kwenye jarida la madaktari kwa jina la kujificha, Quaerens, yaani anayetafuta kwa Kilatini. Alieleza ile hisia ya kukumbuka jambo ambalo hulishiki. Tabibu John Hughlings Jackson wa London alimsikiliza kwa miaka, na mwaka 1888 akachapisha habari zake. Mojawapo ni hii: siku moja hali ilimshika Z akiwa anampima mgonjwa kifua. Alipozinduka alijikuta mezani, ameshaandika kwamba mgonjwa ana nimonia chini ya pafu la kushoto. Akampima upya kwa wasiwasi, akapata jibu lile lile. Mwenzangu akili ikihama anaandika jibu sahihi, mimi naziba mkono wa gauni!

Z alifariki mwaka 1894. Ubongo wake ulipochunguzwa, kilikutwa kidonda kidogo upande wa kushoto, ndani kule kule kwenye mambo ya harufu. EEG ya kwanza ya binadamu ilikuja kurekodiwa mwaka 1924. Kwa hiyo Jackson alielekea mahali palipo sahihi kwa kufuata maneno ya mtu.

Na hapa kwetu iko Mahenge, mkoani Morogoro. Daktari Louise Jilek-Aall, mzaliwa wa Norway, alianzisha kliniki ya kifafa kule mwaka 1960. Pamoja na wenye kifafa cha kawaida kulikuwa na watoto walioangusha kichwa mbele, kikarudi, kikaanguka tena, na wenyeji walishakuwa na namna yao ya kusema: amesinzia kichwa. Aliyaandika hayo miaka ile ile ya sitini. Miaka mingi baadaye watoto wa namna hiyo walipojitokeza kwa wingi Sudan Kusini na kaskazini mwa Uganda, ndipo dunia ikaamka, na vipimo vikaonyesha kwamba kule kusinzia ni kifafa. Kusinzia huko kunaonekana zaidi penye usubi, ule upofu wa mtoni unaoenezwa na inzi wadogo, ingawa wataalamu bado wanabishana kama usubi ndio unaokusababisha, na kwa njia gani. Wazazi wa Mahenge hawakuwa na mashine. Walisema walichokiona.

Sasa wewe unayekwenda hospitali kesho, naomba neno kizunguzungu uliache nyumbani. Sisi tunalitumia kwa kila kitu. Nyumba inazunguka ukigeuka kitandani? Macho yanaingia giza ukisimama? Miguu inayumba kama mlevi lakini kichwa kitulivu? Au akili inahama na kurudi? Hayo ni mambo manne tofauti, na daktari akisikia neno moja atachagua moja. Ganzi ni hivyo hivyo: sema kama mkono hausikii ukiguswa, au unachomachoma kama sindano, au unasikia vizuri ila hauna nguvu. Jina la ugonjwa ulilolipata kwenye simu usilitangulize. Anza na siku yenyewe, ulikuwa wapi, unafanya nini, nini kilitangulia, kilidumu muda gani, ulibakije. Lile unaloona aibu kulisema liseme mapema, kabla dakika zenu hazijaisha. Na dawa ukipewa, usiziache ghafla kwa sababu umejisikia nafuu. Nilijaribu. Nilianguka kweli, mbele ya mteja.

La shahidi ndilo lililonifundisha zaidi. Daktari aliniuliza nani amewahi kuniona ikinishika. Nikasema hakuna, mume wangu huwa kazini. Nje kwenye benchi alikuwa amekaa binti anayenisaidia kazi, alikuja kunishikia mkoba. Akaitwa. Akaingia kwa aibu, akasema huku anaangalia sakafu: "Mama huwa anatafunatafuna kama ana jojo. Halafu mkono unaikunjakunja kanga. Namwita haitiki. Mara nyingine nasonga ugali huku namwangalia." Nilishangaa kuliko daktari. Miaka miwili ananiona, na hakuna aliyemuuliza, nami nikiwemo. Aliombwa anirekodi kwa simu, na video ile ya sekunde arobaini ilimwonyesha daktari ambayo bahasha yangu yote haikuwa nayo. Ila muombe mtu wako ruhusa kabla ya kumrekodi, na video isiende kwenye magrupu.

Kliniki iliyopita nilikwenda na daftari langu, tarehe zimepangwa, mwezi mzima nimeandika "hakuna". Daktari akanisalimia, akamgeukia binti: "Haya, umeona nini mwezi huu?"

"Mara moja tu," akasema. "Jumanne, akikuna nazi."