Hundi Ilipita Kwenye Macho Mengi: Kwa Wahasibu Wapya wa Halmashauri

Nilipoingia idara ya fedha, halmashauri yetu ilikuwa bado inalipa kwa hundi. Kulikuwa na kabati la chuma, kitabu cha hundi chenye namba zinazofuatana, rejista ya kukabidhi, na nje kwenye benchi watu waliokaa tangu asubuhi wakimsubiri mtia saini wa pili arudi kutoka ziara ya kijijini. Mwalimu wa kata ya mbali aliweza kulala mjini siku mbili kwa ajili ya hundi ya posho isiyofika laki moja. Kwa hiyo msinisikie kama mtu anayeililia hundi. Mfumo wa TISS wa Benki Kuu ya Tanzania, unaohamisha pesa kati ya benki kwa kielektroniki, ulianza mwaka 2004, sisi wa halmashauri tukaja kufikiwa baadaye, tukapita kwenye Epicor, programu ya uhasibu ya zamani, tukaingia MUSE, mfumo wa malipo wa serikali wa sasa, na leo wengi wenu mnaoripoti kazini hamjawahi kushika jani la hundi. Ni jambo jema kabisa.

Ila kuna ulinzi mmoja uliokuwa kwenye hundi ambao haukuhamia kwenye mfumo. Hundi ikishatoka mikononi mwako, watu wengine waliisoma. Mlipwaji alisoma jina lake mwenyewe. Karani wa dirishani naye aliisoma, akaangalia saini, akalinganisha kiasi cha tarakimu na kiasi cha maneno. Ukiandika Hamisi Juma badala ya Juma Hamisi, uliletewa siku hiyo hiyo. Malipo ya kielektroniki yanakwenda kama ulivyoyaandika. Msomaji wa mwisho ni wewe na wale wawili wanaohakiki na kuidhinisha, na mara nyingi hao nao wanatazama kiasi na kasma, yaani fungu la bajeti linalolipa, hawatazami namba ya akaunti.

Basi anzeni na namba ya akaunti. Namba ambayo haipo haina madhara makubwa, kwa sababu benki huirudisha. Ya kuogopwa ni ile iliyopo lakini ni ya mtu mwingine: umegeuza 47 ukaandika 74, na pesa ikaingia kwa mtu usiyemjua. Ukipokea orodha ya walipwaji kwenye Excel, kagua kwanza akaunti zinazoanza na sifuri. Excel huifuta sifuri ya mwanzo ikidhani ni namba ya kuhesabia, na namba ndefu sana huzifupisha. Safu hiyo ifanyeni maandishi kabla hamjaingiza chochote. Na mkimpigia mlipwaji kuhakiki, msimsomee namba. Ukimsomea atasema ndiyo, ndiyo, hata kama hasikii vizuri. Mwache aisome yeye kutoka kwenye kadi yake, wewe ufuate kwa kidole kwenye karatasi.

Sasa niwaambie habari ya fundi seremala mmoja, kwa sababu ndiyo iliyonifundisha kuliko semina zote.

Alitengeneza madawati 60 ya shule. Kazi ikapokelewa, hati ya malipo, yaani vocha, ikaandaliwa na viambatisho vyake vyote, kodi ya zuio ikakatwa, malipo yakaidhinishwa. Kwenye vitabu vyetu alikuwa amelipwa. Wiki mbili baadaye akaja na karatasi zake ndani ya mfuko wa plastiki, akasema hajaona kitu. Nikafungua mfumo, nikamwonyesha tarehe. Nikamwambia, "Mzee, wewe umeshalipwa, kaulize benki." Akaenda. Akarudi. Nikamrudisha tena. Mara ya tatu hakusema kitu, alikaa tu kwenye benchi na mfuko wake mapajani, na vijana wake wawili waliompigia randa mbao zile wakiwa wamesimama nje wanamdai.

Akaunti yake ilikuwa imelala, haikuwa imetumika muda mrefu, na benki ilishayarudisha malipo siku nyingi. Pesa ilikuwa kwetu. Tungeiona mapema kama usuluhishi wa benki, yaani kulinganisha vitabu vyetu na taarifa ya benki, ungefanyika kwa wakati, lakini tulikuwa nyuma miezi miwili. Mimi ndiye niliyemwambia mara mbili kwamba amelipwa, na hadi leo nikipita mbele ya shule ile naona madawati yale.

Kwa hiyo hali inayosomeka "imelipwa" kwenye skrini maana yake ni kwamba sisi tumetuma. Kuipokea ni jambo jingine. Orodha ya malipo yaliyorudi ifungueni kila asubuhi, kabla ya vocha mpya. Lililorudi leo mpigieni mwenyewe leo, mjue kama ni jina, ni akaunti iliyolala au ni tawi lililobadilika.

Kuhusu nywila nitakuwa mkali kidogo. Zamani mtia saini akisafiri alikuwa anaacha majani ya hundi yaliyosainiwa tupu, "ili kazi isisimame". Kila mkaguzi aliyekuja alitukuta na hoja hiyo, na palipotokea wizi, mlango ulikuwa huo. Leo hakuna anayeacha hundi tupu, lakini nimeona bosi anamwachia kijana nywila yake ikiwa imeandikwa kwenye kikaratasi. Ni kitu kilekile. Mwandaaji, mhakiki na muidhinishaji wamewekwa watu watatu makusudi. Ukipewa nywila ya mkubwa wako, kataa kwa adabu: "Naomba radhi mkuu, hiyo siwezi kuishika." Atakasirika siku moja. Siku ya ukaguzi atakayeulizwa alikuwa nani pale saa tatu usiku hatakuwa wewe.

Jihadharini pia na barua ya kubadilisha akaunti. Inakuja na nembo ya mzabuni, muhuri upo, saini ipo, na kwa kawaida inakuja siku chache kabla ya malipo makubwa. Namba ya simu iliyo kwenye barua hiyo msiipige. Tafuteni ile iliyo kwenye mkataba, mwongee na mtu mnayemjua.

Mwisho wa mwaka wa fedha mtauona wenyewe. Vocha zilizolala tangu Machi zitaamka wiki ya mwisho ya Juni zote kwa pamoja, na hapo ndipo makosa yote niliyoyataja yanapotokea. Wabaneni wakuu wa idara walete maombi mapema.

Na wale wanaolipwa kwa simu, hasa vibarua wa ujenzi na akina mama wa vijijini: laini zetu zimesajiliwa kwa alama za vidole, lakini bibi wengi wanatumia laini iliyosajiliwa kwa kidole cha mjukuu. Jina likitofautiana na orodha, msimfute. Mpigieni mtendaji wa kijiji, amwite bibi mwenyewe aje na kitambulisho chake, mzungumze naye. Kama mjukuu ameshahamia Dar na laini yake, bibi asajiliwe laini ya jina lake kwanza, ndipo mmlipe. Ni siku mbili tatu za kuchelewa, na mweleze hivyo hivyo kwa simu, ili asifunge safari bure kuja kukaa kwenye lile benchi letu.