Soko la Cái Răng: Lala Cần Thơ, Uwahi Alfajiri

Mara ya kwanza nilifika Cái Răng, soko la mashua mtoni kusini mwa Vietnam, saa 4 asubuhi, soko limeshakwisha. Nilikuwa nimelipia safari ya siku moja kutoka Ho Chi Minh City. Ni kama kilomita 170 kwa barabara, kwa hiyo hata mkiamka mapema mnakuta watalii ni wengi kuliko wauzaji. Iliniuma sana. Nilirudi Vietnam mwaka uliofuata, nikalala Cần Thơ kwenyewe, mji wenye soko hilo, na hilo ndilo la kwanza ninalokuomba: lala Cần Thơ.

Jioni nenda gati la Ninh Kiều, katikati ya mji, uongee na wenye mashua. Chagua mashua ndogo. Zile kubwa za kikundi ni nafuu, lakini hazipenyi katikati ya wauzaji, mtaishia kuchungulia kwa mbali. Patana bei kabla hujapanda, na mwelewane mtazunguka kwa muda gani. Muondoke saa 11 alfajiri, maana soko ni kama kilomita 6 kwa mto na ikifika saa 3 limeshapoa. Chukua kitu cha kujitanda, upepo wa alfajiri mtoni una baridi.

Pesa zipange usiku, hotelini. Noti ya dong 20,000 na ya 500,000 zote zina rangi ya samawati, na kwenye mwanga hafifu ni rahisi sana kutoa moja ukidhani ni nyingine.

Ukifika, tazama juu. Mashua kubwa zimesimamisha fito ndefu za mianzi, na kwenye ncha kumefungwa kile kinachouzwa: nanasi, boga, kabichi, viazi vitamu. Ufito huo wenyewe wanauita cây bẹo. Kwenye kelele zile za injini, nani angesikia mtu akinadi? Ukiona limetundikwa jani la mnazi, ujue mashua yenyewe ndiyo inayouzwa. Nguo zilizoanikwa haziuzwi, ni za familia, kwa sababu wapo wanaolala na kupika humo humo. Omo, yaani sehemu za mbele za mashua, zimechorwa macho, na mimi niliyezoea macho ya jahazi za Lamu niliyatazama kwa muda mrefu.

Usitegemee kununua maembe mawili kwenye mashua kubwa. Hilo ni soko la jumla. Wachuuzi wanapakia magunia, wewe subiri mitumbwi ya rejareja. Na ukitaka kumpiga mtu picha, mwoneshe kamera kwanza, akitikisa kichwa uiweke chini. Yuko kazini, na kazi yenyewe imepungua. Mwaka 2016 soko hili lilitambuliwa kuwa urithi wa utamaduni wa taifa, lakini barabara na madaraja vimeshahamishia mizigo mingi kwenye malori. Ukiwa na nafasi ya kwenda, usiahirishe.

Kuhusu chakula: wengi watakusifia hủ tiếu, tambi za mchele kwenye supu. Kama huli nguruwe, ujue supu hiyo kwa kawaida huchemshwa kwa mifupa yake, hata bakuli likiwa halina kipande cha nyama. Mimi nilichukua kahawa. Mama mmoja alisogeza mtumbwi wake ubavuni mwetu, akashika ukingo wa mashua yetu kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili akamimina maziwa mazito ya kopo, kahawa nyeusi, kisha barafu, bila tone kumwagika, mawimbi yakitupandisha na kutushusha. Nilitaka akae kidogo nimtazame akitengeneza nyingine. Lakini alipokea pesa, akaachia ukingo, akasimama kwenye tezi, nyuma ya mtumbwi, na makasia yake mawili yaliyopishana, akapiga mbio kuelekea mashua ya maboga. Wale walikuwa wamepakua tangu usiku na bado hawajanywa kitu.