Zana ya kukagua hifadhidata isiandike chochote

Toleo la kwanza la zana yangu ya kukagua faili za SQLite (hifadhidata inayokaa ndani ya faili moja) lilipita njia ya mkato: liliifungua faili kwa injini yenyewe, yaani programu ya SQLite, na kuendesha `PRAGMA integrity_check`, amri yake ya kukagua uzima wa faili. Faili niliyoijaribia ilitoka kwenye mashine iliyozimika ghafla, na pembeni yake palikuwa na faili ya `-journal`, jarida linalotunza kurasa za awali ili muamala (kundi la mabadiliko ya pamoja) uweze kutenguliwa. Injini ilipoiona ilifanya inachopaswa kufanya: ikatengua muamala ambao haukukamilika, ikaandika ndani ya faili, ikafuta jarida. Sikuwa na nakala. Hali ya faili ile ilivyokuwa umeme ulipokatika, sikuiona tena.

Kwa hiyo nakusihi, nakili kwanza, faili kuu pamoja na `-journal` au `-wal` yake (jarida la aina nyingine, lenye mabadiliko ambayo huenda hayajaingia kwenye faili kuu), kisha zana isome baiti moja kwa moja, kwa ruhusa ya kusoma tu.

Baiti 100 za mwanzo zinasema mengi. 16 za kwanza ni maneno "SQLite format 3" na sifuri mwishoni. Kwenye nafasi ya 16, ukihesabu kuanzia sifuri, kuna ukubwa wa ukurasa, yaani kipande kimoja kati ya vipande sawa vinavyounda faili (ukikuta 1, maana yake ni baiti 65,536), na nafasi ya 28 idadi ya kurasa. Zidisha, kisha linganisha na ukubwa wa faili diskini. Kuna faili ambayo injini iliikataa, ikisema tu imeharibika. Kichwa chake, yaani zile baiti 100, kilitaja kurasa 5,000 za baiti 4,096, yaani baiti 20,480,000. Diskini zilikuwepo 18,874,368. Kurasa 392 za mwisho hazikufika. Diski ilikuwa nzima. Unakili ndio uliokatika njiani, nikanakili upya kutoka chanzo. Ila idadi hiyo ya kurasa iamini pale tu namba za nafasi ya 24 na ya 92 zinapolingana.

Kinachoniuma ni tarakimu iliyobadilika ndani ya safu. Muundo unabaki sawa, ukaguzi unapita. PostgreSQL, hifadhidata nyingine inayoendeshwa na seva, ina `pg_checksums`, inayokagua kurasa seva ikiwa imezimwa, lakini SQLite kwa kawaida haiweki kwenye kurasa zake alama ya uhakiki, yaani namba inayokokotolewa kutokana na data ili kugundua ikibadilika. Ndiyo maana kila nakala rudufu naikokotolea SHA-256, alama ya uhakiki ya faili nzima, siku ileile ninapoitengeneza, na alama hiyo naihifadhi mahali pengine.

Kitufe cha kurekebisha sijaweka, japo nimeombwa. Zana inataja namba ya ukurasa wenye kasoro, inaishia hapo. Uokoaji unafanywa na programu nyingine, kwenye nakala nyingine.