Winga wako si mvivu, angalia kwanza kipimo

Kocha, nimelisoma swali lako mara mbili. Uongozi umenunua vesti za GPS, zenye kifaa mgongoni cha kupima mwendo wa mchezaji, mabinti wamezivaa mechi nne, ripoti inasema winga wako hajapiga mbio za kasi hata moja, na sasa katibu anadai mtoto hajitumi. Usimweke benchi bado. Yalinikuta hayo hayo nikiwa msaidizi kwenye timu ya wanawake ya mkoa, nikamsema binti wa watu mbele ya wenzake, kumbe kosa ni la setingi.

Ingia kwenye programu uone kiwango cha sprinti, yaani kasi ambayo kuanzia hapo mbio zinahesabiwa kuwa za kasi, kimewekwa wapi. Mara nyingi utakuta viwango vya wanaume: kuanzia kilomita 19.8 kwa saa ni kasi kubwa, kuanzia 25.2 ni sprinti. Winga wangu mwisho wa kasi yake ulikuwa 26.1. Yaani ili ahesabiwe, ilibidi afikie karibu asilimia 97 ya uwezo wake wote, tena kwenye uwanja wenye mashimo! Mwanaume anayefika 32 anavuka hapo akiwa kwenye asilimia 79 tu. FIFA wenyewe walipochambua Kombe la Dunia la Wanawake la 2019 kule Ufaransa walitumia 19 na 23. Anzia hapo. Mimi nilipobadilisha na kuchakata upya data zile zile, "mvivu" wangu alitoka na sprinti kumi na moja kwenye mechi moja. Nilimwomba radhi, mbele ya wale wale.

Ila usipime kasi ya juu ya mchezaji kwa stopwochi ya mkononi. Kidole kikichelewa kidogo tu, jibu linaharibika. Panga koni mbili, mita 10 kati yake, mpe mita 20 za kuchanganya mwendo kabla hajafika koni ya kwanza, halafu rekodi kwa simu, video ya polepole ya fremu 240 kwa sekunde. Hesabu fremu kutoka koni hadi koni, ugawanye kwa 240 upate sekunde. Akitumia sekunde 1.5, hiyo ni kilomita 24 kwa saa.

Vesti nazo ziwabane vizuri. Saizi za kiume huwalegea mgongoni, kifaa kinarukaruka, na programu inaandika mitikisiko ambayo mwili haukuipata.

Sasa mzigo wa mazoezi. Hapa mimi naamini daftari kuliko vesti. Nusu saa baada ya mazoezi unamuuliza kila mmoja: kutoka 0 hadi 10, leo ilikuwa ngumu kiasi gani? Zidisha kwa dakika. Dakika 90 kwa 4 ni 360, huo ndio mzigo wake wa siku hiyo. Uliza mmoja mmoja, pembeni, maana ukiuliza kwenye duara wote watarudia namba ya kepteni. Siku moja ya mazoezi mepesi, kiungo wangu akanipa 8. Wenzake wote 3 na 4, na GPS inaonyesha amekimbia pungufu yao. Nilidhani anatania. Kumbe tangu saa kumi alfajiri alikuwa jikoni akimkaangia shangazi yake maandazi ya biashara, kisha akabeba ndoo mpaka stendi. Hilo vesti haliwezi kulijua. Wiki ile nikampunguzia mazoezi ya Alhamisi.

Habari za siku zao za hedhi usiulize wewe. Kama una daktari wa timu au kocha msaidizi wa kike, ashike yeye daftari hilo, kwa hiari ya mchezaji, na lisije likaonekana kwenye grupu la WhatsApp.

Kuhusu katibu: mchakatie upya mechi zile nne kwa 19 na 23, umpelekee. Ila kabla hujagusa chochote hifadhi ripoti za mwanzo. Mimi nilizifuta, na mwezi mzima watu waliniuliza kwa nini timu imeongeza kasi ghafla.